Tundu Ubavuni mwa Iwelyambula

Siku Justina Luhaga alipoonekana kwa mara ya kwanza akining'inia ubavuni mwa jabali la Iwelyambula, mkononi ameshika brashi ya kufulia nguo, habari zilifika senta kabla jua halijapanda. Wachache walisema kazi ya minara imemvuruga akili. Wengi walisema hajavurugika chochote, anatafuta rupia. Upande ule wa Zagayu kila mtu amesimuliwa tangu utotoni kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia rupia zao chini ya mawe makubwa, na kwamba mwenye siri huanza kwa kulisugua jiwe hadi alama ijitokeze.

Basi wakaja kuona. Mbele alitangulia Masele, mwenyekiti wa kitongoji, amevaa koti lake la vikao. Justina alipowaona akashuka kwa kamba taratibu, akafika chini, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mwangaluka mhola," Masele aliitikia. "Unasugua nini?"

"Udongo."

"Udongo wa jiwe umekukosea nini?"

"Nikiweka vidole vinateleza."

"Na vidole unaviweka vya nini?"

"Nataka kupanda mpaka juu."

Masele akainua macho, akaangalia upande wa nyuma wa jabali, ambako mbuzi walikuwa wakipanda na kushuka bila kamba yoyote. "Njia ya kupanda iko kule."

"Ile naijua tangu mtoto," alisema Justina. "Nataka hii."

Mwenyekiti aliomba kuona mfuko. Ndani mlikuwa na brashi mbili, kamba, pete za chuma, chupa ya maji na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wameudhika kama waliokwenda harusini wakakuta imeahirishwa. Mzee mmoja, Ngassa, alibaki kwa muda mrefu akijifanya anachunga, akisubiri rupia zitoke. Hazikutoka.

Justina alikuwa fundi wa minara ya simu. Alipanga chumba na sebule mjini Bariadi, lakini kazi ilimpeleka Maswa, Meatu, hadi Lamadi ziwani, kupanda vyuma ambavyo wanaume wengi walivitazama kisha wakakumbuka kwamba wana familia. Kupanda mawe alijifunzia Mwanza, siku za Jumapili, pamoja na kikundi cha vijana waliokuwa wakikutana kwenye majabali ya kule. Huko ndiko alikofahamiana na Constantine, fundi mwenzake, Mkerewe mrefu mwenye mikono mipana na maneno mengi. Walipopangiwa timu moja Simiyu, Justina alimleta kijijini kwao siku ya mapumziko, akamsimamisha mbele ya Iwelyambula, jiwe la mvua, akamwangalia atakavyofanya.

Constantine alilitazama jabali kwa muda. Halafu akavua kofia.

Ulikuwako ufa mmoja, mwembamba, ulioanzia usawa wa kifua cha mtu na kupanda moja kwa moja hadi zaidi ya urefu wa nyumba ya ghorofa. Juu kabisa ufa ulijifunga. Palifuata kipande cha jiwe kitupu, laini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba, halafu ukingo mzuri wa kushika, halafu kilele. Justina aliutazama ufa ule utoto wake wote bila kujua kwamba ni njia. Sasa alijua, na kifua kilimjaa kwa kuwa njia nzuri kuliko zote alizowahi kuziona ilikuwa nyumbani kwao.

Jabali lilikuwa ndani ya ngitili ya shangazi yake. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika yote ili kiangazi ng'ombe wasikose nyasi, na ndani yake mtu hakati mti wala hachungi bila ruhusa. Shangazi huyo, Evalina, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea Justina. Alikuwa mama wa maneno makavu, mpenda redio, aliyejivunia pamba yake na kutomficha mtu kwamba anajivunia. Chini ya jabali, kwenye mawe bapa, yeye na wanawake wenzake walianika michembe kila mwaka viazi vilipovunwa.

"Sengi," Justina alimwambia, kama Wasukuma wanavyomwita shangazi, "tunaomba kuusafisha ule ufa ili tupande."

"Kusafisha? Uchafu wake ni upi?"

Justina akaeleza. Ndani ya ufa kulikuwa na udongo na majani yanayozuia mikono. Usoni mwa jiwe kulikuwa na ukoga mkavu unaopukutika mguu ukikanyaga. Na katikati ya njia kulikuwa na bamba la jiwe limejitenga, linacheza kama jino bovu, ambalo siku moja lingeanguka lenyewe, labda juu ya wanawake wanaoanika.

Sengi Evalina alisikiliza hadi mwisho. "Kitakachoua mtu kitoeni," alisema. "Udongo na majani, yale tu yanayozuia mkono. Mkuyu ule mdogo ulioota ufani msiuguse, ndege wanaujua. Kingine chochote mje kuniuliza kwanza."

Kazi ya usafi ilichukua wiki nyingi, kwa kuwa walikuwa na siku za mapumziko tu. Walipanda kwa njia ya mbuzi, wakazungushia kamba kwenye jiwe kubwa la kileleni, wakajishusha. Constantine alikuja na brashi ya waya ya kukwangulia kutu za minara. Justina akaikataa, akasema waya utaacha mikwaruzo. Walitumia brashi za kufulia, na ukoga waliusugua pale tu ambapo mguu ungekanyaga, hivi kwamba mtu akisimama mbali aliona vidoa vichache vyeupe kama nyayo za mtu aliyepanda juu akiwa ametoka kukanyaga unga. Walipofika kwenye kichaka kidogo cha nyasi wakakuta pimbi wamejenga maskani nyuma yake, wakakiacha, ingawa kilikuwa mahali pazuri pa kuweka goti.

Siku ya bamba walimwomba Sengi awaondoe watu wote chini. Alifanya hivyo kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Constantine akaingiza mtaimbo, wakasukuma pamoja, na bamba likang'oka, likageuka hewani mara moja, likaanguka na kupasuka kwa kishindo kilichowatimua kanga hadi mashamba ya jirani. Ukubwa wake ulikuwa wa mlango. Sengi alitembea akalizunguka, kisha akaangalia alipozoea kukaa wakati wa kuanika.

Baada ya hapo walianza kupanda. Sharti lao lilikuwa moja: mtu afike juu bila kuning'inia kwenye kamba. Kamba ilikuwa ya kumdaka akianguka, basi. Ufa uliwakubali mapema. Walijifunza mahali pa kuingiza ngumi na mahali pa kuzungusha kiwiko kuukwepa mkuyu. Lakini kile kipande kitupu kiliwatupa wote wawili, juma baada ya juma, Justina akiwa amebakiza kama urefu wa mkono mmoja kuufikia ukingo.

Mwezi wa saba Constantine alikuja amekunja uso. Alikuwa amewaandikia wale wenzao wa Mwanza kwenye kundi la simu kwamba Simiyu kuna njia ambayo hawajawahi kuiona mfano wake. Nao walikuwa wamepanga kuja mwisho wa mwezi wa nane, pamoja na wapandaji wengine kutoka Nairobi.

"Watakuja na watakuta hatujaimaliza," alisema. "Justi, tundu dogo tu. La vidole viwili. Napiga tindo dakika chache, hakuna atakayejua."

"Hapana."

"Nisikilize kwanza. Bamba tulilolitoa lilikuwa jiwe, au halikuwa jiwe?"

"Lilikuwa jiwe."

"Nyasi tulizong'oa zilikuwa hai?"

"Zilikuwa hai."

"Basi usiniambie jabali hatujaligusa. Tumeshaligusa. Tunabishana juu ya kiasi tu."

Justina alijua kwamba hapana ni hapana, lakini hakuweza kusema kwa nini, na jambo hilo lilimsumbua njia nzima ya kurudi Bariadi. Lilimkera zaidi kwa sababu Constantine hakuwa mjinga, na hoja yake ilikuwa imesimama.

Jibu lilimjia Lamadi, akiwa juu ya mnara. Ngazi moja ilikuwa imekatika na kutu, naye alikuwa ametumwa kufunga nyingine. Alikuwa anakaza nati huku ziwa linang'aa mbele yake na malori yanapita barabarani chini kama wadudu, mara akaacha kukaza. Aliposhuka alimpigia Constantine simu hata kabla ya kuvua mkanda.

"Mnara tuliujenga sisi ili upandike," alisema. "Ukimshinda mtu, kasoro ni ya mnara, tunauongezea ngazi. Iwelyambula halikujengwa kwa ajili yetu. Likitushinda, hakuna kasoro ya kurekebisha."

"Na bamba?"

"Bamba lingeua mtu, hata asiyepanda. Udongo mvua itaurudisha, miaka miwili huwezi kujua tulipita. Tundu unalitaka kwa sababu wewe na mimi hatujaweza. Hiyo ni sababu nyingine kabisa."

Constantine akauliza, "Na kama hatutaweza kamwe?"

"Atakuja atakayeweza. Alikute lilivyo."

Justina alidhani yamekwisha. Jumamosi iliyofuata alichelewa kazini, akafika jabalini mchana. Constantine alikuwa amekaa chini ya ufa, kamba imelala pembeni, na kwenye mawe bapa kulikuwa na vumbi jeupe ambalo halikuwa unga. Justina akainua macho. Katikati ya kile kipande kitupu, kijivu na cheusi cha miaka isiyohesabika, kulikuwa na alama nyeupe kama jeraha bichi.

"Nimepiga," alisema Constantine. Hakumwangalia usoni. "Nilisema nipige kidogo nione. Nilipoona linaingia nikajisikia vibaya, nikaacha. Lakini limeshaingia."

Justina hakupaza sauti. Alihisi uchungu wa ajabu, kama ambaye ndugu yake amepigwa yeye hayupo. Alikunja kamba, akaitia mfukoni, akasema, "Twende kwa Sengi."

"Nitamwambia nini?"

"Hayo hayo uliyoniambia mimi."

Sengi Evalina alizima redio, akamsikiliza. Akamuuliza swali moja tu, kama alikuja kuomba ruhusa. Constantine akasema hakuja. Basi Sengi akaita majirani wanaopakana na ngitili, kama ambavyo angefanya kwa mtu aliyekata mti humo. Wakaketi uani kwake siku hiyo hiyo jioni kabla ya ng'ombe kurudi. Masele alikuwepo na koti lake. Ngassa alikuwepo pia.

Masele ndiye aliyeanza. "Mimi nauliza tu, Evalina. Mawe tunayapasua kila siku. Msingi wa ofisi ya kijiji ni kokoto ya hapa hapa. Leo kijana ametoboa tundu la kuingia vidole viwili tunamwita barazani?"

"Kokoto tunapasulia kule korongoni, tulikokubaliana," Sengi alijibu. "Na miti pia hukatwa. Mtu akikata mti ndani ya ngitili huwa tunamuuliza kama miti hukatwa duniani?"

Watu waliguna. Ngassa akajikohoza. "Tena mti huota. Jiwe halioti tena. Mimi naona nchenya iwe kubwa kuliko ya mti."

Nchenya ndiyo faini ya mila, na ya mti ilikuwa kuku. Wakakubaliana mbuzi, aliwe na wote. Justina aliomba kusema. Alisimama, akasema kwamba Constantine ni mgeni wake, yeye ndiye aliyemleta, hivyo nusu ya mbuzi iwe juu yake.

Constantine naye akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Justina amfahamu, maneno yalimwia machache. "Mbuzi ni wangu wote," alisema. "Na kama mtaruhusu, nitaliziba tundu kwa saruji. Nitaichanganya rangi ifanane na jiwe."

Sengi alimtazama Justina. "Wewe ndiye unayelijua hilo jiwe. Lizibwe?"

"Lisizibwe," alisema Justina. "Tusiongeze kitu kingine cha uongo juu yake. Libaki hivyo, na mimi nitapita bila kuligusa."

Alikuwa hajui kama anaweza. Alisema tu, mbele ya watu, na baada ya kusema hakuona njia ya kurudi nyuma, wala hakuitaka.

Mbuzi alichinjwa Jumapili ya juma lililofuata, katikati ya mwezi wa nane. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ile ya kiangazi inayowafanya wazee wajifunike mablanketi hadi saa nne. Ubavu wa jabali ulitazama magharibi, kwa hiyo jua lilikuwa bado halijaufikia na jiwe lilikuwa kavu na baridi, linashika kiatu vizuri. Waliotoka misa ya kwanza walipitia hapo moja kwa moja, wengine na nguo zao za kanisani. Constantine alijifunga kamba, akaikagua mara mbili, akamwambia Justina neno moja: "Nimekushika."

Justina akaanza. Ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, mguu umepindwa ndani ya ufa hadi unauma vile unavyopaswa kuuma. Aliupita mkuyu kwa kuzungusha kiwiko, jani moja likampapasa shavuni. Pimbi mmoja alitoa kichwa nyuma ya nyasi, akamtazama, akarudi ndani. Ufa ukaanza kubana: ngumi ikawa vidole vinne, vikawa viwili, kisha ukaisha.

Sasa alikuwa mbele ya kipande kitupu. Tundu lilikuwa usawa wa macho yake, kulia kidogo, jeupe bado. Lilikuwa mahali hasa ambapo mkono wake ulitaka kwenda. Constantine hakuwa fundi mbaya, alijua kupima. Mkono wa kulia ulianza kuinuka wenyewe, Justina akauona, akauzuia, akaubandika kiganja bapa juu ya jiwe, juu zaidi ya tundu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushika ila ukali wa jiwe lenyewe.

Juma zima alikuwa amelifikiria jambo moja: kwamba kila alipoanguka alikuwa anavuta. Hapakuwa na cha kuvuta. Ilibidi asukume, asimame kwa miguu. Aliinua mguu wa kulia juu, juu kuliko alivyowahi kuthubutu, hadi karibu na kiuno, akaukanyagisha kwenye punje za jiwe ambazo macho hayazioni ila kidole cha mguu kinazijua. Akahamisha uzito polepole. Alisikia mtu chini akivuta pumzi, na alijua ni Sengi, kwa sababu ndivyo alivyovuta pumzi kila Justina alipoaga kwenda mnarani. Akasimama.

Vidole vya mkono wa kushoto vilifika kwenye ukingo, vikaushika, vikauona ni mpana na mzuri kuliko alivyoukumbuka kutoka kwenye kamba. Alijivuta, akaweka goti, akapanda hatua za mwisho akiwa amesimama wima kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akakaa kileleni miguu ikining'inia.

Mbele yake yalienea mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yakisubiri kung'olewa, na barabara ya vumbi, na mabati yaliyometa mbali. Aliwaza kwamba amepanda minara mingi ambayo siku moja itang'olewa na kupelekwa chakavu, na hili halitang'olewa, nalo limemruhusu apite bila kulipunguza zaidi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Chini vigelegele vilikuwa vimeanza. Juu ya vyote ilisikika sauti ya Sengi Evalina, akiwaeleza watu ambao wote walimjua Justina tangu anatambaa: "Huyo ni Justina wa Luhaga. Luhaga wa Mashimba. Huyo ni mtoto wa kaka yangu." Aliyasema mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna aliyemwambia kwamba wanajua.

Wageni wa Mwanza na Nairobi walifika mwisho wa mwezi kama walivyoahidi. Miongoni mwao alikuwemo kijana aitwaye Gilbert, mwenye sifa nyingi, aliyepanda ufa kana kwamba anapanda kitanda. Alipofika juu ya ufa akasimama, akaliona tundu.

"Hili mmelichonga?" aliuliza kutoka juu.

Justina alifungua kinywa, lakini Constantine alimtangulia. "Nilichonga mimi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikosea, nikatozwa mbuzi. Halitumiki. Justina amepita bila hilo, na mimi bado sijapita."

Gilbert alilitazama tundu, akautazama mkono wake. Akauweka pembeni, juu ya jiwe tupu, akajaribu kusimama. Akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena, akashushwa chini akicheka na kupuliza vidole.

"Njia hii ni ya nani?" aliuliza.

"Jiwe ni la Sengi," alisema Justina. Alikuwa anafunga kamba kiunoni, maana walimwomba awaonyeshe. "Njia ni ya kwangu."